Gari la Dizeli Lililokaa Miaka: Ufunguo Uje Mwisho

Pita mitaa ya Tanga, Mombasa au Ng'ambo kule Unguja, utaliona uani: Land Cruiser au Hilux chini ya mwembe, turubai limechanika, matairi yamelala, majani makavu yamejaa juu ya boneti. Wenyewe husema gari liko juu ya mawe, hata kama bado limesimama kwenye matairi yake. Sababu ziko nyingi. Mzee amefariki na mirathi haijagawanywa. Mwenye gari yuko Muskati na kila mwaka anasema mwakani atarudi. Mradi ulifungwa, magari yakabaki nyuma ya ofisi yakingoja mnada. Kisha siku moja mtu anakuja na betri mpya, vijana wa jirani wanakusanyika, na mmoja wao anasema, "Piga starta tuone." Makala haya ni ya mtu aliyefika hapo. Ombi langu la kwanza kwake ni kwamba auchomoe ufunguo, autie mfukoni, na asiutoe mpaka kazi nitakazozitaja ziwe zimekwisha.

Nasema hivyo kwa sababu injini ya dizeli ni nadra kufa kwa kukaa tu. Kinachoiua ni dakika chache za mwanzo pale inapowashwa bila kutayarishwa. Ringi zilizoshikwa na kutu zinalazimishwa kusogea, mkanda uliokauka unakatika, matope ya tangi yanavutwa hadi kwenye pampu, au injini inawaka kisha inakataa kuzimika. Kazi ya matayarisho haina ugumu mkubwa, na sehemu kubwa ya muda wake ni kungoja. Ugumu upo kwa watu waliozunguka gari, ambao wote wanataka kusikia mlio leo.

Nitatumia mfano wa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye yadi za serikali, hospitali za misheni na mashirika ya misaada tangu ilipotoka mwaka 1990. Ina silinda 6, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli inaendeshwa kwa vyuma bila kompyuta. Hilux za zamani za 2L, 3L na 5L zinafuata njia ileile. Magari mapya ya D-4D na mengine ya kompyuta nitayagusa baadaye, maana yana masharti yao.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye injini, lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa mahali springi zinaposhikiliwa na pembeni mwa tangi. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Chuma kilicholiwa hutoa mlio mzito, na bisibisi huzama. Pwani, hewa ya chumvi hula chesisi kutoka ndani ya boksi lake, kwa hiyo rangi ya nje inaweza kuwa bado inapendeza. Nimeona familia ikifufua injini nzuri kabisa kisha ikagundua kwamba gari haliwezi kubeba injini hiyo barabarani. Chesisi iliyotoboka sehemu moja huchomelewa. Iliyooza kwa urefu wake wote ni afadhali uiuze pamoja na injini kama ilivyo, kwa mtu anayetafuta vipuri.

Chesisi ikipita, fungua boneti polepole na kwa fimbo, si kwa mkono. Nyoka hupenda mahali penye panya, na panya hupenda mahali penye sponji na waya. Toa boksi la filta ya hewa, utazame ndani yake na ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, kwa sababu viota hujengwa humo, na kiota kikivutwa ndani kitaziba njia ya hewa au kitaingia kwenye valvu. Fuata waya zote kwa macho na vidole, kuanzia betri hadi starta na alteneta. Waya iliyotafunwa hadi shaba kuonekana ndiyo inayounguza gari siku ya kwanza betri inapofungwa, basi mtungi wa kuzimia moto uwe karibu tangu hapo. Usisahau nyigu wanaojenga kwa udongo. Huziba bomba la moshi, vipumulio vya difu na gia boksi, na kile kinachotia watu wazimu zaidi, kipumulio cha tangi la dizeli. Tangi lisilopumua huruhusu gari liwake vizuri na kuzimika baada ya kilomita chache, kisha fundi anabadilisha pampu isiyo na kosa.

Sasa tuje kwenye dizeli yenyewe, ambako magari mengi huharibikia.

Dizeli iliyotunzwa vizuri hukaa miezi 6 hadi mwaka ikiwa na hali yake. Kwenye tangi la gari lililoachwa nusu, katika joto na unyevu wa pwani, hali ni nyingine. Mchana hewa iliyo juu ya mafuta hupanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo huganda kwenye kuta za tangi na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa sakafuni mwa tangi. Pale maji na dizeli vinapokutana huota bakteria na ukungu, ambao huishi kwenye maji huku wakila mafuta. Wao ndio wanaofanya ule utelezi mweusi unaoshikana na kunuka, na asidi wanayoitoa hula chuma cha tangi. Dizeli yenyewe nayo huchakaa kwa kukutana na hewa. Hugeuka rangi, hunuka kama vanishi, na ikikauka kwenye nafasi nyembamba za pampu na nozeli huacha utando unaonata. Pampu ya 1HZ haina oili ya kwake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ukiipitishia maji na uchafu umeinyima ulainisho wake pekee.

Kwa hiyo chukua chupa ya kioo isiyo na rangi, fungua nati iliyo chini ya tangi, ukinge mafuta ya mwanzo na uyaache yatulie kwa saa moja. Ukiona mstari ulionyooka katikati ya chupa, chini ni maji. Ukiona nyuzi nyeusi zinaelea kwenye mstari huo, ni wale wadudu. Mafuta yakiwa safi, yenye rangi ya kawaida na harufu ya kawaida, una bahati, lakini hata hivyo mimi ningeyamwaga yote. Usiyarudishe kwenye gari kwa kuyachuja na kitambaa. Kitambaa huzuia takataka na kupitisha maji pamoja na ule utando wa vanishi. Mafundi huyapokea kwa ajili ya kuoshea vyuma, basi wape.

Tangi lenye utelezi mweusi lazima lishushwe. Huo ni ushauri ambao watu hawaupendi, kwa sababu bolti za tangi kwenye gari la pwani huwa zimeshikana, na yupo mtu atakayesema dawa ya kuua wadudu wa dizeli inatosha. Dawa huwaua, ndiyo, lakini mizoga yao hubaki humo na kuja kuziba filta moja baada ya nyingine. Lishushwe, lioshwe, likaushwe kabisa juani, na kile kichujio kidogo kilicho mwisho wa bomba la kunyonyea kisafishwe au kibadilishwe. Mipira yote ya dizeli iliyopasuka ukiikunja ibadilishwe pia. Mpira uliopasuka upande wa kunyonya hauvujishi tone hata moja. Unaingiza hewa, na hewa kwenye dizeli ni ugonjwa unaoweza kusumbua wiki nzima.

Kama gari liliegeshwa kabla ya Januari 2015, liko jambo jingine la kuangalia. Mwezi huo nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu, ila oringi za zamani ndani ya pampu, zilizovimba kwa miaka mingi katika dizeli ya aina ya kwanza, zinaweza kusinyaa zikikutana na hii mpya. Dalili yake ni pampu inayolowa dizeli siku chache baada ya gari kuwaka. Mtu akikwambia pampu imekufa kwa sababu inavuja, muulize kwanza kuhusu oringi, maana seti ya oringi ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu. Wala usikubali ushauri wa kuchanganya mafuta ya taa eti kusafisha njia. Mafuta ya taa hayalainishi inavyotakiwa, na pampu iliyokaa kavu kwa miaka ndiyo inayohitaji ulainisho kuliko nyingine yoyote.

Funga filta mpya ya dizeli na nunua nyingine ya akiba. Kwa siku ya kwanza, mafundi wenye uzoefu hawatumii tangi kabisa, hata likiwa limeoshwa. Huweka dumu safi lenye dizeli mpya karibu na injini, hutumbukiza humo mpira wa kunyonya na mpira wa kurudisha, na kuendesha injini kutoka kwenye dumu. Mpira wa kurudisha ni wa lazima. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma na kuyarudisha yaliyobaki, kwa hiyo ukiusahau utamwaga dizeli ardhini au utakuwa unatuma mafuta mapya kwenye tangi la zamani. Uzuri wa dumu ni kwamba unayaona mafuta kwa macho. Mapovu yakionekana kwenye mpira wa kunyonya, unajua palipo na hewa bila kubahatisha.

Oili ya injini inamwagwa kabla ya kuwasha, si baada yake. Kwanza vuta kijiti cha kupimia. Kiwango kikiwa juu ya alama ya mwisho, kuna kitu kimeingia, dizeli au maji. Kisha legeza nati ya chini taratibu bila kuitoa. Kama kuna maji yatatangulia yenyewe, yakidondoka kabla ya oili. Matone machache ni unyevu wa miaka. Maji mengi, au oili yenye rangi ya maziwa, maana yake gasketi ya silinda hedi au silinda hedi yenyewe ina kasoro, na hapo safari ya kuwasha inasimama mpaka hedi ifunguliwe. Rejeta nayo ifunguliwe ingali baridi. Maji ya kutu yamwagwe na kusuuzwa mpaka yatoke meupe, kisha itiwe kuulanti, si maji ya kisima, maana visima vingi vya pwani vina chumvi na chumvi hiyo ndiyo inayokula hedi. Binya mipira ya rejeta. Inayolia kama biskuti ibadilishwe.

Sijui kwa nini mafundi wengi huutaja mkanda wa taiming mwishoni, wakati ndio unaoweza kuimaliza injini kwa sekunde moja. Kwenye 1HZ mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na wamiliki wengi huishika namba hiyo tu. Lakini mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto, hata kilomita zikiwa zimesimama. Mkanda uliokaa umekunjwa mahali pamoja miaka 6 hupata nyufa kwenye mikunjo, na siku starta inapouvuta ghafla unaweza kukatika au kuruka meno. Hapo valvu na pistoni hugongana. Usiutazame tu ukasema unaonekana mzima. Ubadilishe pamoja na beringi ya kukazia. Kwenye 1HZ ni kazi nyepesi, kwa sababu mkanda uko juu, mbele ya injini, na puli ya krenki haiguswi. Ukiwa na gari la aina nyingine, uliza kwanza kama lina mkanda au cheni.

Ndipo tunapoanza kuizungusha injini, na tunaizungusha kwa mkono. Toa hita plagi zote 6 ili kusiwe na mgandamizo, weka gia huru, fungia matairi kwa mawe mbele na nyuma. Tia spana ndefu kwenye bolti ya puli ya krenki, ile ya chini kabisa mbele ya injini, uizungushe kuelekea upande wa mishale ya saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Unatafuta mizunguko miwili kamili isiyogota popote. Ikizunguka kwa uzito ulio sawa, shukuru. Ikigota ghafla mahali pamoja, simama, kwa sababu inaweza kuwa valvu iliyonata.

Ikikataa kabisa kusogea, usiongeze bomba kwenye spana na usilifunge gari kamba ulivute likiwa kwenye gia. Njia hiyo imevunja ringi na kupinda konrodi za injini nyingi zilizokuwa zimeshikwa na kutu jepesi tu. Changanya oili nyepesi ya gia otomatiki na dizeli safi, utie kijiko kimoja kwenye kila tundu la hita plagi. Kwenye 1HZ tundu hilo linafungukia kwenye chumba kidogo kilicho kando ya silinda, kwa hiyo mchanganyiko huchukua muda kufika kwenye ringi. Uache ulale usiku kucha, hata siku mbili tatu. Kila asubuhi ongeza kidogo na ujaribu kuitikisa injini mbele na nyuma kwa nguvu za mkono tu. Siku inaposogea nusu inchi, usiilazimishe imalize mzunguko. Irudishe nyuma, iende mbele, irudi, mpaka yenyewe ifungue njia. Hapa ndipo subira inapolipa kuliko mahali pengine popote katika kazi hii.

Baada ya hapo betri. Kwanza hakikisha gari lako ni la volti 12 au 24. Usidanganywe na betri mbili, kwa kuwa Land Cruiser nyingi zina betri mbili zilizofungwa sambamba na bado ni za volti 12, huku nyingine, hasa zilizotoka moja kwa moja Japani, ni za volti 24. Soma kibandiko cha alteneta au cha starta. Kubusti gari la volti 12 kwa lori la volti 24 huunguza mengi kwa mara moja. Betri nzuri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Iliyokaa miaka bila chaji haifufuki kwa kuchajiwa, hata ikionyesha namba nzuri kwa nusu saa. Safisha pia mahali waya wa ethi unaposhikana na chesisi na injini, maana kutu la hapo huifanya betri mpya ionekane mbovu.

Chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta, ile iliyo juu ya pampu, ili dizeli isipite. Hita plagi zikiwa bado nje, funika matundu kwa kitambaa kikuukuu, watu wote wasogee, kisha upige starta sekunde 10. Mchanganyiko uliobaki kwenye silinda utaruka nje kwa nguvu, na ni bora uruke kwenye kitambaa kuliko kubaki ndani. Kioevu hakigandamiziki, na silinda yenye oili nyingi iliyofungwa hupinda konrodi. Pumzisha starta dakika moja, rudia, pumzisha. Unaiangalia geji ya oili kwenye dashibodi. Sindano ikipanda, oili imefika kwenye beringi. Isipopanda baada ya kurudia mara kadhaa, usiendelee. Tafuta sababu.

Rudisha hita plagi baada ya kuzipima moja moja kwa betri kama zinawaka nyekundu, kisha toa hewa kwenye mfumo wa dizeli. Ile pampu ya mkono juu ya filta ndiyo kazi yake. Bonyeza mpaka iwe ngumu na dizeli isiyo na mapovu itoke kwenye skrubu ya kutolea hewa. Rudisha waya wa solenoidi na usikilize. Ufunguo ukiwekwa kwenye "on" inapaswa kugonga mara moja, tak. Isipogonga, dizeli haitapita hata upige starta hadi betri iishe. Kisha legeza nusu mzunguko nati za mabomba kwenye nozeli, mtu apige starta, na dizeli ikianza kutema kwenye kila nati uikaze.

Kulegeza nati hizo ni kwa pampu za zamani tu. Kwenye D-4D na magari yote ya komoni reli, yale niliyoyaita ya kompyuta, usifungue bomba la presha injini ikizunguka, kamwe. Humo presha huzidi 1,000 baa, na mchirizi mwembamba kama uzi hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo na huenda lisiume mwanzoni, lakini mtu huyo anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja, aseme wazi kwamba ni dizeli ya presha, kwa kuwa mkono unaweza kupotea. Hata kwenye 1HZ, tumia kipande cha kadibodi kutafuta mvujo, kidole kikae mbali.

Kabla ya ufunguo, andaa ubao. Nazungumzia ubao wa kweli, kipande cha mbao bapa au plaiwudi nene kinachofunika kabisa mdomo wa bomba la hewa linaloingia kwenye injini, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuushika. Boksi la filta liwe wazi ili mdomo huo ufikike. Injini ya dizeli haina cheche ya kukatwa. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, kwenye 1HZ zaidi ya mara 20, basi ikipata chochote kinachowaka, pamoja na oili yake yenyewe, itaendelea kuzunguka ufunguo ukiwa mezani. Baada ya kukaa miaka, vyuma vya pampu vinavyopima mafuta vinaweza kunata kwa ule utando wa vanishi, na injini ikaamka ikiwa na mafuta yote. Hupanda mlio bila kushuka mpaka ipasuke. Hapo zima ufunguo. Isipozimika ndani ya sekunde moja au mbili, mwenye ubao azibe hewa. Asitumie kiganja wala shati, maana vyote huvutwa ndani. Wapo wanaoshauri kuingiza gia ya tano, kukanyaga breki na kuachia klachi ili injini izimwe kwa uzito. Kwenye gari linalotembea kila siku njia hiyo hufaa. Kwenye gari ambalo breki zake hazijafanya kazi kwa miaka, mimi siiamini. Ubao ni salama zaidi.

Wala asije mtu na kopo la dawa ya kupuliza ili iwake haraka. Hita plagi zinawaka ndani, dawa ile hulipuka kabla pistoni haijafika mahali pake, na ringi au pistoni zenyewe hupasuka. Injini isiyotaka kuwaka kwa dizeli safi, hewa safi na starta yenye nguvu inakuambia bado kuna kazi.

Sasa ufunguo. Gari liwe nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa ajili ya moshi. Subiri taa ya hita izimike, piga starta. Itaanza kwa kukohoa, silinda mbili, tatu, moshi mweupe mzito. Usikanyage mafuta kuisaidia. Iache kwenye mzunguko wake mdogo na uitazame geji ya oili kwanza, watu na shangwe zao baadaye. Moshi mweupe unaopungua injini inapopata joto ni dizeli isiyowaka yote. Ukiendelea huku maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kwa saa za mwanzo uvumilie, ringi bado zinajifungua. Moshi mweusi injini ikiwa haina mzigo ni hewa kidogo au nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza, na nozeli hizo zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Iache iungurume dakika 20 ukiwa unazunguka na tochi: chini ya pampu, kwenye pampu ya maji, kwenye sili za krenki. Ikiwa ni injini yenye turbo, kuiacha bila kukanyaga mafuta ni lazima zaidi, kwani turbo hupata oili yake mwisho.

Injini ikiwaka watu hupanda na kutaka kuzunguka mtaa. Usikubali kabla ya breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini iliyofyonza maji hushuka hadi karibu 140, na huko kwenye silinda za magurudumu maji yale yamekuwa yakitengeneza kutu. Fungua magurudumu yote manne, hakikisha pistoni za breki zinarudi, badilisha mafuta yote na kutoa hewa. Dizeli haina vakyumu ya kwake kama petroli, kwa hiyo breki hizi husaidiwa na pampu ya vakyumu. Kanyaga pedeli mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo, pampu inafanya kazi. Klachi iliyonata kwa kutu mara nyingi huachia ukiwasha injini ikiwa na joto, gari likiwa kwenye gia ya kwanza mahali pa wazi, klachi imekanyagwa, na kugusa breki na mafuta kwa zamu. Matairi usiyahukumu kwa kashata zake. Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yakivuka miaka 10, hata yawe na nywele za kiwandani, yatumie kusogeza gari uani tu.

Kwa magari ya komoni reli, yote haya yanabaki ila kwa ukali zaidi. Nozeli zake hazivumilii hata tone la maji, basi tangi, mabomba na filta vyote visafishwe kabla pampu haijazunguka mara moja, na usiipigishe starta kavu kwa muda mrefu, kwa kuwa pampu ya presha hujisaga na kupeleka unga wa chuma kwenye kila nozeli. Tafuta fundi mwenye kompyuta ya kusomea gari. Gharama yake ni ndogo kuliko nozeli moja.

Wiki za mwanzo tembea karibu na nyumbani, na filta ya akiba na spana yake ziwe ndani ya gari, kwa sababu uchafu uliobaki kwenye mabomba utajitokeza. Baada ya kilomita 500 hivi mwaga tena oili. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kuoshea.

Na kama unajua utasafiri tena na kuliacha, jaza tangi hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, badilisha oili siku unayoliegesha, kwani oili chafu ina asidi, usivute hendibreki, na kama hakuna wa kulitembeza, toa betri na uliweke gari juu ya stendi. Ndugu anayelitunza asiambiwe aliwashe dakika 5 kila Jumapili. Dakika hizo haziipi injini joto la kukausha unyevu wake, wala hazirudishi umeme uliotumiwa na starta. Mwambie alitoe nje mara moja kwa mwezi, alitembeze nusu saa mpaka lipate moto vizuri, breki zifanye kazi, kisha alirudishe. Kama hawezi, alifunike na asiliguse, na ubandike kwenye usukani karatasi yenye tarehe ya kuegesha, aina ya oili iliyomo na mahali betri ilipohifadhiwa.